Mtunzi Asiye na Maneno: Judith Scott, Sanaa ya Nyuzi na Swali la Uhakiki

Utangulizi

Kitenzi tunga kina wenyewe wengi. Mwenye shanga huzitunga katika uzi, mvuvi huwatunga samaki wake katika kamba akawabeba hadi sokoni, naye malenga hutunga beti. Tunapozungumzia hadithi twasema imesukwa, na mpangilio wa matukio yake tunauita msuko. Mambo yanapotatanika twasema pamepigwa fundo. Wala si sisi pekee. Neno ambalo lugha kadhaa za Ulaya hulitumia kwa maana ya matini lilitokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufuma. Tangu jadi, basi, fasihi imekuwa ikijieleza kwa istilahi za watu wa nyuzi, ingawa watu wa nyuzi wenyewe ni nadra kualikwa katika mijadala yetu.

Makala haya yanamwalika mmoja wao. Judith Scott (1943–2005) alikuwa msanii wa nyuzi nchini Marekani. Hakuna aliyemfundisha mtindo alioutumia. Hakusikia, hakusema, hakusoma wala hakuandika. Alianza sanaa akiwa amepita umri wa miaka 40, na katika muda wa takriban miaka 18 alifanya kazi zaidi ya 200 ambazo leo zimo katika makavazi makubwa ya Marekani na Ulaya. Yamkini msomaji atauliza: hayo yanahusu nini wanafunzi wa Kiswahili? Jibu langu ni kwamba Scott anaiweka taaluma ya uhakiki, uhakiki wetu wa fasihi ya Kiswahili ukiwemo, mahali pagumu. Tumezoea kumwuliza mtunzi alikusudia nini. Tunasaka mahojiano yake, dibaji zake, barua zake na historia ya kijiji alikozaliwa. Tutafanyaje mbele ya mtunzi ambaye hakuacha hata neno moja? Ninadai kwamba kazi zake zinaweza kusomwa kwa umbo lake, na kwamba mazoea ya kuzigeuza kuwa maungamo ya mateso yake yanamtendea tena dhuluma aliyotendewa utotoni, yaani kumpima kwa lugha asiyokuwa nayo.

Usuli wa msanii

Scott alizaliwa tarehe 1 Mei 1943 mjini Cincinnati, katika jimbo la Ohio, akiwa pacha wa Joyce. Alizaliwa na hali iitwayo Down, ambayo husababishwa na kuwepo kwa kromosomu ya ziada. Joyce hakuwa nayo. Akiwa bado mdogo aliugua homa iliyomwondolea uwezo wa kusikia, lakini jambo hili halikutambuliwa kwa miaka mingi. Wazazi na madaktari walidhani kutosema kwake kulitokana na hali aliyozaliwa nayo. Alipofikia umri wa kwenda shule alipimwa akili, na kipimo chenyewe kilikuwa cha maswali ya kutamkwa. Asiyelisikia swali hawezi kulijibu. Matokeo yakawa ya chini mno, nao wapimaji wakakata kauli kwamba mtoto huyu hafundishiki. Mnamo Oktoba 1950, akiwa na umri wa miaka 7, alitenganishwa na pacha wake akapelekwa katika taasisi ya serikali mjini Columbus. Baadaye alihamishiwa nyingine mjini Gallipolis, katika jimbo lilo hilo. Katika taasisi hizo alikaa miaka 35.

Hapa yafaa sisi wa isimu na fasihi tutue kidogo. Kipimo cha 1950 hakikupima akili ya Scott. Kilipima kama sauti za lugha ya wapimaji zilimfikia, na jibu la swali hilo likaandikwa katika faili kama kwamba ni jibu la swali jingine kabisa. Hakufundishwa lugha ya alama ambayo huenda ingemfungulia mlango. Pana tofauti kubwa kati ya mtu asiye na la kusema na mtu asiyepewa lugha ya kusemea, na katika kisa hiki tofauti hiyo iligharimu miongo mitatu na nusu ya maisha ya mtu.

Joyce hakumsahau. Mwaka 1985, baada ya mvutano mrefu wa kisheria, alifaulu kuwa mlezi wa dada yake, kisha akamchukua kwenda kuishi naye katika jimbo la California. Mnamo Aprili 1987 Judith alianza kuhudhuria kituo kiitwacho Creative Growth Art Center mjini Oakland. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1974 na Elias Katz, aliyekuwa mwanasaikolojia, pamoja na mkewe Florence Ludins-Katz, aliyekuwa msanii. Utaratibu wake ni wa ajabu kwa aliyezoea darasa: watu wazima wenye ulemavu hupewa nafasi, vifaa na muda, lakini hakuna anayewaamrisha wafanye nini. Hakuna silabasi wala mtihani.

Kwa karibu miaka miwili hapakuonekana dalili yoyote. Scott alipewa rangi na karatasi akachora vitanzi na miviringo, akachoka akaacha. Wahudumu walifikia kiwango cha kujiuliza kama palikuwa na haja ya kuendelea kumleta. Kisha siku moja msanii wa nyuzi aitwaye Sylvia Seventy alifika kuendesha darasa kituoni. Wengine walikuwa wakishona kama walivyoonyeshwa. Scott alichukua vijiti, akavikusanya pamoja, akaanza kuvizungushia nyuzi na vipande vya nguo hadi vikapotea ndani yake. Hakuna aliyekuwa akifanya hivyo darasani humo. Tangu hapo aliendelea siku tano kwa wiki, mwaka baada ya mwaka, hadi karibu na kifo chake Machi 2005 akiwa na umri wa miaka 61.

Neno moja kuhusu sifa ya kujifunza mwenyewe ambayo huambatanishwa na jina lake katika kila maandishi. Sifa hii ni ya kweli, ila inaweza kupotosha. Haimaanishi kwamba sanaa ilimtoka kama jasho, bila hiari wala juhudi. Seventy alimwonyesha nyuzi. Kituo kilimpa meza, vifaa na, muhimu zaidi, miaka miwili ya kutofanya lolote bila kufukuzwa. Alichojifundisha ni mtindo. Ni vyuo vingapi, nauliza tu, vinavyoweza kumvumilia mwanafunzi kwa miaka miwili ya vitanzi?

Umbo la kazi zake

Mtu anayezikabili kazi za Scott kwa mara ya kwanza hukosa hata jina la kuziita. Tukisema ni michongo, tunakosea, kwa sababu kuchonga ni kupunguza: mchongaji hutoa mbao hadi umbo lililobaki liwe ndilo alilolitaka. Scott haondoi kitu. Yeye huongeza tu. Tukisema ni ufumaji, pia tunakosea, maana mfumaji hutengeneza kitambaa kilicho bapa, chenye mtande na mshindio vinavyopishana kwa utaratibu. Kazi ya Scott haina upande wa mbele wala wa nyuma. Ni kitu kizima kinachokaa sakafuni au kinachoning'inia, na anayetaka kukitazama hana budi kukizunguka.

Huanzia ndani. Kiini huwa ni kitu au mkusanyiko wa vitu: vijiti, kiti, mwavuli, gurudumu la baiskeli, feni, mirija ya kadibodi, kasha, hata kigari cha kubebea bidhaa dukani. Vingine alipewa, vingine alivichukua mwenyewe bila kuomba, nao wahudumu walijifunza kuchunga funguo na magazeti yao. Juu ya kiini hicho huzungushwa uzi. Baada ya tabaka la kwanza huja la pili lenye rangi nyingine, kisha la tatu. Mahali fulani uzi hupitishwa chini ya uzi mwingine ukakazwa. Mahali pengine hufungwa fundo, na fundo hilo likashikilia kipande cha kitambaa ambacho nacho kinazungushiwa uzi. Rangi iliyotawala katika tabaka la chini huchungulia kupitia nafasi zilizoachwa na tabaka la juu. Kazi moja iliweza kumchukua wiki au miezi. Nyingine zinaenea mikononi, na nyingine zinamzidi mwenyewe kwa ukubwa.

Kwa mwanafunzi wa ushairi, ninadhani kinachovutia zaidi ni uhusiano wa marudio na tofauti. Tendo ni moja: kuzungusha. Hurudiwa mara maelfu. Lakini uzi ule ule haupiti mara mbili mahali pamoja kwa namna moja, kwa sababu kila mzunguko hubadilisha umbo litakaloupokea mzunguko unaofuata. Hivi ndivyo kibwagizo kinavyofanya kazi katika shairi lililotungwa vizuri. Maneno hayabadiliki, lakini kila yanaporudi yanakuta ubeti uliotangulia umeyasogezea maana. Mhakiki anayesema kwamba Scott alirudiarudia tu kwa sababu ya hali yake angepaswa kwanza atueleze kwa nini miongoni mwa kazi zaidi ya 200 hakuna mbili zinazofanana.

Jambo jingine ni ufiche. Katika Kiswahili tuna familia ya maneno fumba, fumbo, fumbata. Mtu hufumba macho, hufumbata sarafu kiganjani, na hufumba usemi ukawa fumbo. Kazi nyingi za Scott ni mafumbo kwa maana hii ya kwanza, ya kimwili: pana kitu kimefumbatwa ndani na hatukioni. Hata hivyo, hazifanani na vitendawili. Kitendawili hutegwa ili kiteguliwe. Mtegaji analijua jibu, na hadhira ikishindwa humpa mji kisha akalitoa. Hapa hapatolewi jibu. Mtu anaweza kuikata kazi kwa mkasi akakuta feni ndani, lakini hatakuwa ameitegua. Atakuwa ameiharibu, na feni itakuwa feni tu. Kilichokuwa kikimshughulisha mtazamaji ni namna feni hiyo ilivyosukuma nyuzi zikapinda mahali fulani na kufura mahali pengine. Katika kazi za miaka yake ya mwisho ufiche huu ulilegea. Kigari cha dukani, mathalani, hakijitii kificho: magurudumu yake yanaonekana, na vitu vilivyojazwa ndani vinachungulia kati ya nyuzi zilizovifunga. Mtazamaji anayeamini kwamba lengo la Scott daima lilikuwa kuficha atapata taabu na kazi hiyo.

Kisha kuna kazi ya karatasi. Inasimuliwa kwamba palitokea wakati ambapo nyuzi zilikosekana. Scott hakungoja ziletwe. Alikusanya karatasi za kupangusia mikono, akazisokota, akazifunga mafundo, na akafanya kazi nzima isiyo na rangi ila weupe uliofifia wa karatasi hizo. Mimi huiona kazi hii kuwa ushahidi mzito kuliko maelezo yoyote ya wataalamu. Inatuonyesha kwamba hakuwa mtu aliyevutiwa tu na rangi za sufu au ulaini wake. Alikuwa na jambo alilotaka kulifanya, na malighafi ilipobadilika, alilifanya kwa malighafi iliyokuwepo. Mtunzi wa bahari nyingi za ushairi hafanyi vingine.

Tena alijua kazi ilipokamilika. Hakuna aliyemwambia. Aliisukuma kando, akaashiria kwamba amemaliza, na akaanza nyingine. Hakuipa jina. Ndiyo maana katika orodha zote kazi zake zimeandikwa maneno yale yale, Bila anwani, na mwaka wa kila moja ni ule uliowekwa na wahudumu.

Mtego wa wasifu

Kazi hizi zilipoanza kujulikana nje ya Oakland, zilijulikana pamoja na kisa. Mwaka 1999 John MacGregor, mwanahistoria wa sanaa aliyekuwa amemtazama Scott akifanya kazi kwa muda mrefu, alichapisha kitabu juu yake. Kitabu hicho ni cha thamani, maana bila MacGregor tusingekuwa na maelezo ya kina ya namna mikono ile ilivyofanya kazi. Swali lake kuu lilikuwa kama sanaa ya kiwango cha juu inaweza kufanywa na mtu mwenye upungufu mkubwa wa kiakili na asiye na dhana ya sanaa. Ni swali la haki, lakini tazama lilivyoundwa. Linaanza kwa mtu na faili lake, ndipo lifike kwenye kazi.

Baada ya hapo fasiri zilimiminika. Kazi zenye sehemu mbili zilizoungana zilifasiriwa kuwa pacha wawili waliotenganishwa. Zilizofungwa pande zote zikawa vifukofuko vya kiwavi, au msichana aliyefungiwa katika taasisi. Nyuzi zikawa kamba ya kitovu. Sisemi kwamba fasiri hizi ni za uongo. Nasema kwamba ni rahisi mno. Kila moja inatokana na wasifu na kurudi kwenye wasifu, na katika safari hiyo kazi yenyewe inapitwa njiani. Laiti kazi hizo hizo zingefanywa na msanii aliyehitimu chuoni na kuishi raha mustarehe, hakuna ambaye angeona humo taasisi ya Columbus. Angezungumza juu ya uzito, uwiano, rangi na mvutano.

Hata kategoria aliyowekwa ndani yake ilichochea mtego huu. Mwaka 1945 msanii Mfaransa Jean Dubuffet alibuni istilahi art brut, ambayo tunaweza kuiita sanaa ghafi, kwa kazi za watu walio nje ya mafunzo na soko la sanaa: wagonjwa wa akili, wafungwa, wapweke. Mkusanyiko wake upo mjini Lausanne, Uswisi, katika makavazi yaliyofunguliwa 1976, na kazi za Scott zimo humo. Dubuffet alitaka kuwatukuza watu hao, na kwa kiasi kikubwa alifaulu. Lakini tatizo la kategoria yake ni kwamba cheti cha kuingilia ni maisha ya mtu. Hakuna umbo wala mtindo unaoifafanua sanaa ghafi. Kinachoifafanua ni masaibu ya aliyeifanya.

Tusidhani sisi tumepona. Tuchukue mfano wa Muyaka bin Haji wa Mombasa. Tungo zake zilitufikia kwa mikono ya wengine: Mwalimu Sikujua alizikusanya akishirikiana na William Taylor mwishoni mwa karne ya 19, miongo kadhaa baada ya kifo cha mshairi, na William Hichens akazichapisha mwaka 1940. Tungo nyingi zilikuja zimefungamana na visa: hili lilitungwa kwa ajili ya ugomvi huu, lile kwa ajili ya vita vile. Mohamed Abdulaziz, katika kitabu chake cha 1979, ametuonyesha jinsi historia ya Mombasa inavyoziangaza tungo hizo, na hakuna mwanafunzi wa ushairi anayeweza kulipuuza hilo. Ila semina zetu zina mazoea ya kusimulia kisa kwa dakika 20 na kuusoma ubeti wenyewe kwa dakika mbili. Mizani, vina, utoshelevu, jinsi neno moja lilivyowekwa mwishoni mwa ukwapi ili ligonge neno la utao: haya huachwa kwa aya ya mwisho, chini ya kichwa cha fani, kama kwamba fani ni vazi la maudhui na mtu anaweza kulivua bila mwili kuhisi baridi.

Nadharia, bila shaka, zilishatuonya. Wimsatt na Beardsley waliandika mwaka 1946 kwamba kusudio la mtunzi si kigezo cha kuhukumia kazi. Barthes akatangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967. Sisi hunukuu hoja hizi katika sura ya pili ya tasnifu, kisha katika sura ya nne tukarejea kumhoji mwandishi nyumbani kwake. Pamoja na hayo, hoja zenyewe zilibuniwa kwa ajili ya waandishi waliosema sana, ambao ilibidi wanyamazishwe ili kazi zao zisikike. Kwa Scott hali ni kinyume. Hakuna wa kunyamazishwa. Mhakiki akimtangaza kuwa amekufa kama mwandishi, atakuwa anamwondolea nafasi ambayo ndiyo kwanza apewe, baada ya kunyimwa kwa miaka 35. Kwa hiyo sikubaliani na wale watakaosema kwamba wasifu wake utupwe wote. Tunauhitaji ili tujue kwamba mikono hii ilikuwa na uwezo ambao faili liliukana. Kumbukumbu alizochapisha Joyce mwaka 2016 kwa anwani Entwined zina mengi ya kutufunza katika hilo. Ninachopinga ni kuufanya wasifu huo ufunguo wa kila kufuli.

Miongoni mwa waliokwepa mtego huu yupo mhakiki wa fasihi, Eve Kosofsky Sedgwick wa Marekani. Jalada la kitabu chake Touching Feeling, kilichotoka mwaka 2003, lina picha iliyopigwa na Leon Borensztein: Scott ameikumbatia kazi yake kubwa, mikono imeizunguka, uso ameuegemeza juu yake. Sedgwick alieleza kwamba picha hiyo ndiyo iliyomsukuma kukamilisha kitabu. Hadai kuyajua yaliyomo moyoni mwa Scott. Anaangalia mguso: mikono iliyoifunga kazi sasa inaihisi, na yamkini kuhisi huko ndiko kulikokuwa njia ya kuijua. Sedgwick mwenyewe katika miaka yake ya baadaye alifanya sanaa ya nguo na nyuzi, kwa hiyo alijua kwamba pana maarifa ambayo vidole huyapata kabla ya ulimi. Nasi tungefaidika tukiliwaza hilo tunaposoma tungo za watu waliozihifadhi kichwani na kuzipigia mizani kwa mkono juu ya goti.

Jina la mtunzi

Limebaki suala la lugha. Anayetaka kuandika juu ya Scott kwa Kiswahili hukutana mapema na maneno kiziwi, bubu, punguani, taahira. Kumekuwa na mjadala wa muda mrefu kwamba kiambishi ki- katika kiziwi, kipofu, kiwete na kilema huwadunisha watu kwa kuwaweka katika ngeli ya vitu. Nakiri kwamba hoja hii hainiridhishi jinsi inavyotolewa mara nyingi. Kiongozi, kijana na kinyozi ni wa kiambishi hicho hicho, na hakuna kiongozi aliyelalamika. Isitoshe, upatanisho wa kisarufi huwarudisha wote katika ngeli ya watu: kiziwi amefika, si kimefika. Udunishaji haumo katika kiambishi. Umo katika mazoea ya kumwita mtu kwa jambo moja tu na kulifanya hilo kuwa yeye mzima. Neno punguani, lililotokana na pungua, halina ki- yoyote, na bado ndilo lenye kuumiza zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Hili ni agizo la kisheria linalohusu msamiati, na sijui taaluma nyingine ambayo lingepaswa kuishughulisha zaidi ya yetu.

Katika makala haya nimemwita Scott msanii na mtunzi, na pale ulemavu wake ulipohusika nimeutaja kwa maelezo. Si adabu tu. Mpangilio wa majina hubadilisha kinachoonekana. Makavazi ya Brooklyn yalipoandaa maonyesho makubwa ya kazi zake kuanzia Oktoba 2014 hadi Machi 2015, yaliziweka katika kituo chake cha sanaa ya kifeministi, na si chini ya kichwa cha sanaa ghafi. Mwaka 2017 kazi zake zilionyeshwa katika maonyesho makuu ya Venice, bega kwa bega na za wasanii wa kila namna. Mwaka 2024 makavazi ya sanaa ya kisasa ya San Francisco yaliadhimisha miaka 50 ya kituo cha Oakland kwa maonyesho ya wasanii wake. Kazi zenyewe hazikubadilika hata uzi mmoja. Kilichobadilika ni kibandiko kilicho ukutani, na pamoja nacho maswali ambayo mtazamaji alikuja nayo.

Kibandiko hicho kingeandikwaje kwa Kiswahili? Jina la msanii halina shida, na Bila anwani inatosha. Ugumu upo katika kuitaja aina ya kazi. Sanamu huleta picha ya mtu au mnyama. Mchongo na ufumaji tumeshavikataa. Kifungo kingekuwa na mantiki, kwa kuwa ni kitu kilichofungwa, lakini kingemrudisha Scott gerezani kwa neno moja. Mimi napendekeza utungo: utungo wa nyuzi, tungo za nyuzi. Neno lipo tayari, lina wingi wake, na linatumika katika ushairi bila kuusahau ushanga. Wenzangu wenye istilahi iliyo bora zaidi waiwasilishe katika toleo lijalo, nao wahariri wataamua.